Siri ya Ndinda Kinywani mwa Irungu

Jumapili ile Ndinda alivaa gauni la samawati alilolipata Soko la Toi baada ya kupekua mirundo ya mitumba asubuhi nzima, na alilivaa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya kanisa, huko Kabiro, Kawangware, maikrofoni mkononi, akingoja wageni watulie vitini.

Irungu alimwona. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu, na kijana wa watu akainamisha uso haraka kuficha tabasamu, kama kawaida yake kila mama yake alipokuwa karibu. Mama yake, Gathoni, alikuwa safu ya mbele, kilemba kimemkaa sawasawa. Alikuwa na nyumba za kukodisha hapo hapo Kabiro, na neno lake lilikuwa zito nyumbani na kanisani. Alishamwambia Ndinda bila kuzunguka: hana ubaya naye, lakini mwanawe hataoa Kibera.

Leo Ndinda hakutaka kuyafikiria hayo. Wageni walikuwa wamefika. Kila Agosti kundi la waumini kutoka Amerika lilikuja Nairobi kuwaona wasichana waliowalipia karo. Ndinda mwenyewe alisomeshwa na watu hao tangu shule ya msingi hadi chuo cha ualimu, na sasa yeye ndiye aliyewafundisha wasichana wa mradi huo kule Silanga, upande wa Kibera ulio karibu na Nairobi Dam. Irungu alikuwa mratibu wa ziara. Aliwapokea wageni uwanja wa ndege, akawazungusha, akawatafsiria. Ni kwenye ziara hizo walikopendana, yeye akitafsiri nyimbo za watoto, Ndinda akimcheka kila alipokosea.

Wasichana wa Silanga walikuwa wamekaa pamoja upande wa kushoto, wote na fulana za njano za kwaya. Katikati yao alikuwa Lavender, wa miaka kumi, aliyekuwa akimpungia Ndinda mkono kila dakika. Mtaani kote Lavender alijulikana kama kitinda mimba wa Wanza, mama yake Ndinda, anayeuza sukuma wiki na nyanya Silanga. Wanza naye alikuwa nyuma karibu na mlango, kwa kuwa hakupenda kukaa mbele za watu.

Kiongozi wa wageni alisimama. Alikuwa mama mnene mwenye uso wa upole, mwepesi wa machozi. Alizungumza kwa Kiingereza, akinyamaza baada ya kila sentensi, na Irungu akamfuata kwa Kiswahili.

"Tumekuja kuwaambia kwamba waumini wetu wamekubali kuwajengea wasichana bweni," Irungu alitafsiri.

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Ndinda alipiga makofi mpaka viganja vikauma. Bweni hilo alilililia miaka. Kuna wasichana wake ambao hawakuweza kusoma jioni kwa sababu ya waliyoyakuta nyumbani.

"Na nataka niwasimulie habari ya binti aliyewagusa sana waumini wetu. Jina lake sitalitaja."

Yule mama akaendelea. Irungu alifungua mdomo kutafsiri, kisha akaufunga.

Ndinda alikijua Kiingereza. Alikuwa ameshasikia. Lakini akili yake ilikataa kwanza, ikasema ni binti mwingine, mbona wako wengi.

"Binti huyu..." Irungu alianza, akakohoa. "Binti huyu alipata mimba akiwa kidato cha pili. Mwanamume aliyempa mimba alihama, hakuonekana tena."

Damu ilimwisha Ndinda usoni. Alimtazama Irungu kwa macho yote, akimwomba. Acha. Sema maikrofoni imeharibika. Sema chochote. Irungu alimwona, tena alimwona vizuri. Mgeni alikuwa akingoja. Pasta alitikisa kichwa kumwambia aendelee. Irungu akapangusa jasho, akayahamishia macho yake ukutani, akaendelea.

"Alijifungulia nyumbani kwa siri. Kisha mama yake akamfunga kifua kwa leso, akaikaza, ili maziwa yakauke haraka arudi darasani bila mtu kujua."

Leso. Jambo hilo walilijua Ndinda na mama yake peke yao. Halafu Pasaka iliyopita, nyuma ya darasa la Silanga, kichwa chake kikiwa begani mwa Irungu, alimwambia na yeye. Alilia siku hiyo kama hajawahi kulia. Irungu alilia pia. Alimshika uso akamwambia, "Hii nitaenda nayo kaburini, babe."

"Leo binti huyo ni mwalimu," sauti ile ile iliendelea kwenye spika. "Anawafundisha wasichana wenzake Silanga. Na mtoto aliyemzaa yuko hapa nasi, anaimba kwaya. Mpaka leo anamwita dada."

Watu walianza kuhesabu kichwani. Mwalimu wa Silanga alikuwa mmoja tu. Shingo zikaanza kugeuka, safu baada ya safu. Mtu fulani akasema, "Bwana asifiwe," na wengine wakapiga makofi, makofi ya huruma, na Ndinda akayasikia kama anapigwa yeye.

Msichana mmoja mkubwa alimnong'oneza Lavender sikioni. Mtoto alicheka kwanza. Kisha akamtazama Ndinda, na kicheko kikafa.

Ndinda aliinuka kumfuata, lakini Wanza alikuwa ameshafika. Hakuwa na habari na macho ya watu sasa. Alimshika Lavender mkono, akamtoa nje kwa mlango wa pembeni, na walipopita mbele ya jukwaa hakumtazama Irungu hata kidogo.

*

Nje, nyuma ya kanisa walikokuwa wakipika pilau ya wageni, yule mama wa Amerika alimfikia Ndinda kabla hajatoka lango. Alimkumbatia kwa nguvu.

"Una moyo wa ajabu," alimwambia kwa Kiingereza. "Irungu alituambia umekubali kisa chako kisimuliwe, ili wasichana wengine wapate nguvu. Watu wetu walilia. Ndiyo maana tunamchukua aje kwetu miezi sita, azunguke makanisa yote akiwasimulia."

Ndinda alijitoa mikononi mwake polepole. "Anakuja kwenu?"

"Hajakuambia?" Yule mama alipepesa macho. "Anasafiri nasi wiki ijayo."

Irungu alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, ameshika maikrofoni bado, waya ukining'inia. Alikuwa amesikia. Mgeni alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, tabasamu likamfifia taratibu. Akarudi ndani.

"Ndinda, nisikize."

"Wiki ijayo?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia. Nilitaka kwanza mambo ya bweni yaive."

"Ulimwambia nimekubali."

"Walikuwa wanataka kuacha kuja, Ndinda! Walikuwa wanasema pesa yao itaenda nchi nyingine. Niliwaona kwa simu ya video wamechoka, wanaangalia saa. Nikaona hawa watu wanataka kitu cha kuwagusa. Sikutaja jina lako. Na nilimwambia yule mama asilete hiyo story huku, iwe ya huko kwao tu."

"Kwa hivyo shida yako ni kwamba nimejua."

"Sivyo..."

"Ulikuwa unaniona, Irungu. Nilikuwa nakuangalia. Ungenyamaza tu. Ungeanguka, ungezimia, ungeshikwa na tumbo. Wewe ukatafsiri mpaka leso."

Irungu alinyoosha mkono amshike kiwiko, mahali pale alipozoea kumshika wakivuka barabara, na Ndinda akarudi nyuma kama ameguswa na moto. Hilo lilimuumiza Irungu. Lilionekana usoni. Na jambo baya zaidi, kuona ameumia kulimuumiza Ndinda pia, kwa sababu mapenzi hayana swichi ya kuzima.

"Irungu!" Ilikuwa sauti ya Gathoni. Alikuja akiwa ameshika kibeti mbele ya tumbo, akasimama kati yao.

Ndinda alijikaza. Alijua linalokuja. Mtoto wa Kibera, na sasa ana mtoto. Alitamani ardhi immeze kabla halijasemwa.

"Mama, si sasa," Irungu alisema.

"Wewe nyamaza, umeongea vya kutosha leo." Gathoni alimgeukia Ndinda. "Mimi sikukutaka. Nilikwambia hivyo kwangu sebuleni, tukinywa chai. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli, Mama Irungu."

"Na bado sijabadilisha. Lakini kitu kama hiki singekufanyia. Hata ungekuwa adui yangu." Alimtupia mwanawe jicho moja. "Enda uangalie mtoto wako. Hapa wachana napo."

Mtoto wako. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia maneno hayo mchana, kwa sauti ya kawaida. Ndinda aliondoka bila kuaga, na ni alipofika barabarani ndipo machozi yalipotoka.

*

Siku zilizofuata nyumba ya Silanga ilikuwa na kimya ambacho Ndinda hakuwahi kukisikia humo. Lavender alikula, akafanya homuwaki, akalala akiwa ameelekea ukuta. Hakuuliza kitu. Alipotaka jambo kutoka kwa Ndinda, alikuja akasimama mbele yake mpaka atazamwe, ndipo aseme. Hakumwita jina lolote.

Wanza ndiye aliyevunjika kwanza. Alikuwa akikatia mteja sukuma wiki, akaweka kisu chini.

"Ni mimi," alimwambia Ndinda mteja alipokwenda. "Wewe ulitaka kumnyonyesha. Ulinililia. Mimi ndiye nilisema hapana, shule kwanza. Nikaifunga hiyo leso kwa mikono yangu."

"Mwaitu, mama, wacha. Ungefanya nini? Wangenifukuza kwa ule mradi."

"Ningefanya nini sijui. Lakini mtoto ananiangalia kama nimemwibia."

Lavender alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na ukuta wa mabati haufichi kitu. Alitokeza kichwa.

"Kwa hivyo wewe ni nani yangu?" alimuuliza Wanza.

Wanza alifuta mikono kwenye leso yake, akaifuta tena. "Mimi ni susu yako."

"Nyanya?"

"Eeh. Nyanya."

Mtoto alimgeukia Ndinda, lakini hakumuuliza swali lile. Aliuliza jingine. "Ulikuwa unanionea aibu?"

"Hapana," Ndinda alisema. Alitaka kusema zaidi, kuhusu usiku aliolala amemkumbatia akijifanya ni dada tu, kuhusu siku Lavender alipotembea mara ya kwanza na ikabidi ashangilie kidogo, si sana. Lakini yaliyotoka yalikuwa machache. "Niliogopa. Sikuwahi kukuonea aibu, hata siku moja."

Lavender alilifikiria hilo, kisha akarudi nyuma ya pazia.

*

Irungu alikuja Alhamisi alasiri. Wanza alimwona akikata kona na akaingia ndani na Lavender bila kumsalimia. Ndinda alibaki amesimama kando ya kibanda cha mboga, mikono kifuani.

Irungu alikuwa amekonda kwa siku chache. Macho yalikuwa mekundu, ndevu hajanyoa, na shati lilikuwa lile lile la Jumapili. Alisimama mbali kidogo kama mtu anayeogopa mbwa.

"Sijalala," alisema.

"Hata sisi."

"Sikuja kujitetea. Nimekuja tu kukuambia nimekosa. Hiyo story haikuwa yangu. Ulinipa ukiniamini, mimi nikaenda nayo kuwafurahisha watu. Hata mama yangu haongei na mimi." Sauti ilimkatika. "Ndinda, nakupenda. Sijui kama bado nina ruhusa ya kusema hivyo."

Ndinda alitazama kando. Angeweza kupigana na visingizio. Kwa unyenyekevu huu hakuwa amejiandaa. Alikuwa ameota mara nyingi mwanamume akimwomba msamaha, yule wa kidato cha pili, na hakuja kamwe. Huyu amekuja. Amesimama kwenye tope la Silanga na viatu vyake vya kanisani, analia mchana mbele ya majirani, na hajali.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika bila ruhusa yake. "Pengine ningekubali. Ningemwambia Lavender kwanza, tukae chini, tuongee. Pengine mimi mwenyewe ningesimama pale mbele. Ungeniuliza tu."

"Niliogopa ungekataa."

"Basi ningekataa."

"Najua. Najua, babe."

Alikuwa amesogea. Ndinda aliusikia ule uvuguvugu wake, ile harufu ya mwili wake anayoijua. Mkono wake mwenyewe uliinuka, na kabla hajauzuia ukawa shavuni pa Irungu, unapangusa machozi. Irungu alifumba macho, akauegemea. Walikaa hivyo kidogo. Mahali fulani ndani ya Ndinda kitu kilianza kusema: mtu hukosea, mtu husamehewa, angalia alivyoumia.

"Tutafanya nini sasa?" aliuliza polepole.

"Tutaanza upya," Irungu alisema, macho bado yamefumbwa. "Miezi sita si mingi. Nikirudi nakuja kwa Mama Wanza rasmi, na wazee. Lavender nitamlea kama wangu."

Mkono wa Ndinda ulisimama. "Bado unaenda?"

"Ndiyo... ni kama naenda." Alifumbua macho. "Kuna kitu kidogo tu. Yule mama hajaelewa kilichotokea Jumapili. Anaona kama hukuwa umekubali. Amesema hawezi kunichukua mpaka akusikie wewe mwenyewe. Ukimwambia tu tulikubaliana, na ukashtuka kwa sababu ya watu, basi. Dakika moja. Naweza kumpigia sasa hivi."

Simu ilikuwa tayari mkononi mwake.

Ndinda alimtazama mtu huyo kwa muda. Shati la Jumapili. Ndevu. Machozi, ambayo hayakuwa ya uongo, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. Alikuwa anampenda kweli. Na bado alikuwa amekuja kuchukua kingine.

"Jumapili ungesema hukujua utaniumiza hivi," alisema. "Leo unajua."

"Ndinda, ni nafasi ya maisha yangu. Ya maisha yetu."

"Mpigie."

Irungu alishtuka, kisha uso ukamng'aa kwa matumaini kiasi kwamba Ndinda karibu amhurumie. Alipiga. Simu iliita, ikashikwa. Akampa.

Ndinda aliongea Kiingereza chake cha shule, taratibu, asikosee. "Ni mimi, mwalimu Ndinda. Hapana, hakuniuliza. Nilimwambia kama mtu anavyomwambia mpenzi wake. Sikuwa nimekubali, na mtoto wangu hakuwa anajua mpaka kisa kilipotafsiriwa kanisani." Alisikiliza. Upande wa pili yule mama alikuwa akilia na kuomba radhi. "Nimesikia. Nakushukuru. Lakini nina ombi moja. Msiwaadhibu wasichana kwa sababu ya hili. Bado wanalala kwa taabu, bado wanahitaji bweni. Mkitaka kisa cha kuwaambia watu wenu, njooni muwaulize wenyewe, na akikataa mmoja, muache."

Alikata, akamrudishia Irungu simu yake.

Irungu alikuwa ameduwaa kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Nilikuwa nimeshakusamehe," Ndinda alimwambia. "Ungekuja tu bila hiyo simu, ningekusamehe na ungeenda huko kwao na mimi ningengoja kama mjinga. Enda, Irungu."

"Ndinda..."

"Enda."

Alikwenda. Hakugeuka, au labda aligeuka; Ndinda hakujua, kwa kuwa hakumtazama mpaka mwisho. Aliketi kwenye kreti ya nyanya, akajifunika uso kwa mikono, na sasa akalia kwa sauti, bila kujali nani anapita. Alimlilia Irungu wa nyuma ya darasa, aliyemshika uso siku ya Pasaka. Huyo naye alikuwa wa kweli. Hilo hakuna ambaye angelielewa.

Pazia lilisogezwa. Hatua ndogo zilikuja, zikasimama mbele yake, kama zilivyozoea siku hizo. Ndinda aliinua macho.

"Ameenda?" Lavender aliuliza.

"Ameenda."

"Hatarudi?"

"Hatarudi."

Mtoto alisimama akifikiri, kidole kimoja kikichezea pindo la sketi ya shule. Mikono ya Wanza ilionekana nyuma ya pazia, imelishika, haithubutu kulifungua.

"Nilisikia ukiongea Kiingereza," Lavender alisema. "Ulisema mtoto wangu."

"Nilisema."

"Sema tena. Kwa Kiswahili."

Ndinda alivuta pumzi. Majirani walikuwa nje, mlango kwa mlango, mama mmoja akianika nguo, mwingine akipepeta njugu, wote wakijifanya hawasikii.

"Mtoto wangu," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Lavender hakumkumbatia, wala hakumwita jina lolote, si la zamani si jipya. Alisukuma nyanya mbili pembeni, akaketi kwenye kreti ile ile kando yake, akamwegemea.